Ndizi Zilizokataa Kuiva

Sinia ni la wote, koo ni la kila mtu.

Mmeisikia leo kwa mwalimu wenu, Mama Lugano, mkaja mbio kwangu mkidhani ni methali ya mababu. Si ya mababu. Mababu walikuwa na zao, na walikula kwenye vyungu na majani ya migomba, masinia hawakuyajua. Hii imezaliwa hapa hapa Ikombwe, nami nilikuwepo, tena nikiwa na mwiko mkononi. Lwitiko, sogea huko, unanizibia moto. Kaeni, ilianza hivi.

Mwaka huo kanisa letu lilipata wageni wa misheni. Hawakuwa Wazungu, ondoeni hilo vichwani. Walikuwa vijana wa chuo, wengine kutoka Dar es Salaam, wengine Moshi, wametumia likizo yao kuja kutuhubiria huku milimani kwenye mvua isiyokatika. Kiongozi wao alikuwa dada mmoja aitwaye Eliaichi, mwembamba, mchangamfu, anayecheka hata akiteleza kwenye tope. Walikuja na Biblia, magitaa, na kompyuta sita zilizoviringishwa kwenye mablanketi. Asubuhi ilikuwa Neno na nyimbo, kisha watoto waliingia kwenye ghala la mahindi la kanisa kujifunza kompyuta mpaka chakula cha mchana. Umeme haukuwepo. Jenereta ililia nyuma ya ghala, na mimi nililia na moshi jikoni, maana akina mama wa kanisa walikuwa wamenichagua nipikie wageni kwa wiki zote mbili.

Watoto walikuwa wengi kuliko mashine, kwa hiyo Dada Eliaichi akawaambia wakae kwa makundi, kila kundi na kompyuta yake. Hapo ndipo kosa lilipoingia, na hakuna aliyeliona, kwa sababu kwetu sisi halikuwa kosa.

Mnatujua watu wa huku. Mtoto akianza kukimbia anafundishwa kwamba rika lake ndilo watu wake. Hulimi peke yako, huli peke yako. Mtu aliyekula peke yake zamani tulimshuku uchawi. Tukienda kuvuna viazi, mwenye nguvu hushika jembe, mwepesi huokota, mwenye vidole vizuri hufunga magunia. Hakuna anayekaa bure, na hakuna anayeaibishwa kwa asichokiweza. Ni mwenendo mzuri, na sitaki mtu aje kuniambia ni mbaya.

Basi watoto wakaivuna kompyuta kama viazi. Chukueni kundi la Tusekile. Gwamaka, yule mwenye miguu mikubwa na cheko kubwa zaidi, alipewa kazi ya kuwasha, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akivuta kamba ya jenereta. Lusajo alikuwa bingwa wa gololi, mkono wake hautetemeki, akapewa kipanya. Tusekile alikuwa msukaji wa vikapu, vidole vyake vilikuwa vyepesi mno, akapewa herufi. Na Subilaga akapewa kuhifadhi, maana hata kwao ndiye aliyetumwa jioni kufunga kuku, na hajawahi kusahau mlango. Makundi mengine nayo yakaiga vivyo hivyo.

Wiki ya pili ilipoanza, ungewaona ungefurahi. Gwamaka anabonyeza, Lusajo anafungua ukurasa, Tusekile anaandika vidole vinamkimbia, Subilaga anapitisha mkono katikati yao, anahifadhi, wanamaliza. Hawakugombana hata kidogo. Nilikuwa nikiwapelekea uji nasimama mlangoni kuwatazama. Dada Eliaichi akiuliza, "Mmeelewa?" ghala zima linaitikia, "Tumeelewa!" Na hawakuwa waongo. Walikuwa wameelewa, ila aliyeelewa alikuwa ni wao wote kwa pamoja, na mtu huyo haitwi mbele ya mtihani.

"Mama Ipyana," Dada Eliaichi akaniambia siku moja, akinawa mikono jikoni kwangu, "watoto wa huku wana akili mpaka nashangaa."

"Ni ndizi zangu hizo," nikamjibu.

Sasa niwaeleze habari ya Tusekile, maana yeye ndiye aliyekuwa na la kupoteza. Alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea. Shangazi yake alikuwa na mgahawa Tunduma, akaleta ujumbe kwamba anahitaji msichana wa kuosha vyombo, na kwamba atakuja kumchukua Jumapili, wageni wakishaondoka. Mtoto hakutaka kwenda. Mchungaji Mwakalobo akamwendea baba yake, Mzee Mwaisumo, akamwambia, "Hizi kompyuta zikiachwa hapa, zitahitaji mtu wa kuzitunza na kuwafundisha wadogo. Tusekile anafaa. Kanisa litampa chakula na kitu kidogo."

Mzee Mwaisumo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa watoto wengi na maneno machache. Akafikiri kwa muda mrefu, halafu akamwambia binti yake, "Zikibaki, utabaki. Zikiondoka, utaondoka."

Basi. Tangu siku hiyo Tusekile ndiye aliyefika wa kwanza kila asubuhi, anafagia ghala, anapangusa mashine vumbi la mahindi. Nikimpa kikombe cha chai ananiuliza, "Mama, unadhani zitabaki?" Mimi nitajua wapi? Namwambia kunywa chai.

Aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu mashine ni Mzee Mshana, mwalimu mstaafu kutoka Same, mwenyekiti wa hiyo misheni. Alifika siku ya mwisho, mzee mrefu, koti limepigwa pasi hata baada ya safari ile. Alikuwa ameshaumizwa. Kuna kijiji fulani aliacha kompyuta, akarudi baada ya mwaka akazikuta zimefunikwa vitambaa vya kudarizi, juu yake vimewekwa vyombo vya maua. Hakuna mtoto aliyekuwa amezigusa, zisije zikaharibika.

"Mashine hukaa kwa mtu anayeijua," akatuambia, "si kwa mtu anayeiheshimu. Kwa hiyo leo nitaita mtoto mmoja mmoja. Awashe, aandike jina lake, jina la kijiji, na sala fupi ya kushukuru chakula. Ahifadhi, azime. Kisha awashe tena anionyeshe. Wengine wote watoke nje."

Nikaona Dada Eliaichi anatabasamu. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Watoto nao walitoka wakisukumana kwa furaha. Tusekile peke yake ndiye aliyegeuka kuangalia kiti chake kikibaki bila wenzake, na uso ukambadilika.

Aliyeitwa kwanza ni Lusajo. Akaketi, akashika kipanya vizuri kabisa, mkono umetulia. Akangoja. Kioo cheusi. Akaendelea kukisogeza kipanya kulia na kushoto juu ya meza, kwa heshima, akingoja mtu awashe.

"Washa, kijana," akasema Mzee Mshana.

"Ndiyo, Mzee," akasema Lusajo, akaangalia mlangoni.

Akaitwa Gwamaka. Huyu akabonyeza kitufe kwa kishindo, mashine ikaamka, akakunja mikono kifuani akaegemea kiti. Mzee Mshana akangoja. Gwamaka akangoja. Mwishowe Gwamaka akasema, "Mimi nimemaliza, Mzee."

Wageni vijana walicheka, wakaacha walipoona uso wa Dada Eliaichi. Watoto wa makundi mengine wakaitwa, ikawa yaleyale. Huyu anajua mwanzo, yule anajua katikati, hakuna aliyejua tangu mwanzo hadi mwisho.

Tusekile aliitwa mwisho. Kuwasha na kufungua ukurasa alibahatisha. Alipofika kwenye kuandika, Mzee Mshana akavua miwani, akaivaa tena. Mtoto aliandika jina, akaandika kijiji, akaandika sala nzuri ya kushukuru chakula na hata mpishi akamwombea, bila kuangalia vidole. Akamaliza. Kisha akainua macho kumtafuta Subilaga, naye Subilaga yuko nje, amebanwa kwenye dirisha kama wenzake.

"Zima," akasema mzee.

Akabonyeza kitufe palepale, kama alivyomwona Gwamaka akifanya. Kioo kikafa. Walipoiwasha tena hapakuwa na jina, hapakuwa na kijiji, hapakuwa na sala. Mzee Mwaisumo alikuwa amesimama kwenye kizingiti na kofia yake mkononi. Akageuka, akaenda kukaa kwenye jiwe karibu na barabara.

Mzee Mshana hakuwa mkali, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alisema kwa upole kwamba Dada Eliaichi amejitahidi, watoto ni wazuri, lakini kuna kijiji kingine kinasubiri. Akawaambia vijana waziviringishe mashine kwenye mablanketi. Dada Eliaichi alilia waziwazi, mwalimu mzima.

"Hewala," akasema Mchungaji Mwakalobo, "lakini mgeni haondoki Ikombwe na njaa."

"Hata kwetu ni hivyo," akasema Mzee Mshana. "Tutakula, ndipo tupakie."

Mimi nikarudi jikoni. Ndizi zangu na nyama zilikuwa zimeshaiva, bado kupakua tu. Watoto wakaja nyuma ya jiko, wamenywea, wanasukuma mawe kwa vidole vya miguu. Mtoto akiwa na huzuni mimi sina dawa nyingine, nikawakwangulia ukoko wa sufuria la kwanza, nikauweka kwenye sinia chini. Wakalizunguka. Hata kwenye msiba mtoto hula. Tusekile hakunyoosha mkono.

"Kula, Tuse," akasema Subilaga.

"Sina hamu."

Gwamaka hakuweza kukaa bila mzaha hata siku ile. "Mwacheni. Sehemu yake nitamlia mimi, nitamshibisha."

"Utanilia sehemu yangu," Tusekile akasema, "halafu njaa atalala nayo nani? Wewe au mimi?"

Mimi nilikuwa nimeudhika, nimechoka, moshi umenijaa machoni, na nikasema bila kufikiri, kama mtu anavyoropoka jikoni: "Ndivyo mlivyofanya na hizo kompyuta zenu. Mmekaa wiki mbili mkimezeana. Sinia ni la wote, jamani, lakini koo ni la kila mtu!"

Gwamaka akaacha kutafuna. Lusajo akatazama mkono wake, akamtazama Subilaga. Niliona neno likiwaingia mmoja mmoja, na nikajuta kidogo kuwasema hivyo watoto wenye huzuni.

Tusekile akasimama. "Mama, chakula cha wageni bado kiasi gani?"

"Kimeiva."

Akaniangalia. "Hakiwezi kuwa hakijaiva?"

Niliwahi kuulizwa maswali mengi jikoni. Hilo sikuwahi. Mimi ni mtu ninayejivunia kuweka chakula mezani kwa wakati, kila mtu wa kanisa hili anajua. Nilimtazama yule mtoto, nikamtazama Mzee Mwaisumo pale kwenye jiwe, kisha nikainama, nikavuta kuni zote nje ya mafiga, nikazimwagia maji.

"Bado kabisa," nikamwambia. "Ndizi za leo ni ngumu. Kimbieni."

Walikimbia. Dada Eliaichi alikuwa ameshafunga blanketi la tatu. Sijui walimwambia nini, ila nilimwona akifungua mafundo kwa meno. Gwamaka akavuta kamba, jenereta ikanguruma.

Hapo nikajua nimekwisha, maana Mzee Mshana alikuwa ameketi na mchungaji kwenye veranda, si mbali, na hakuwa kiziwi. Nikampelekea chai.

"Mama," akasema, "nasikia jenereta."

"Ndiyo, Mzee."

"Na ndizi?"

"Ndizi zinasumbua, Mzee. Hali ya hewa."

Akanitazama juu ya miwani. Akachukua kikombe. "Basi tutakunywa chai," akasema.

Alikunywa chai ile, nikamletea nyingine. Ghalani kulikuwa na kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwenye wiki mbili zile. Kabla yake walikuwa kimya na wepesi. Sasa ilikuwa ugomvi mtupu. "Toa mkono wako! Acha nibonyeze mwenyewe!" "Hapo sipo, mjinga!" "Usinisaidie, niambie tu!" Nilichungulia. Walikuwa wamebadilishana viti. Lusajo alikuwa anatafuta herufi kwa kidole kimoja, ulimi nje, Tusekile nyuma yake amefunga mikono yake mwenyewe kwenye kanga ili asije akamwandikia. Subilaga alikuwa anamfundisha Gwamaka kuhifadhi. "Unafunga kuku kwanza," anamwambia, "ndipo unalala. Ukilala kabla, kicheche anakula wote." Halafu wanazima, mwingine anakaa, wanaanza upya. Dada Eliaichi alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi, hafundishi tena, anatazama tu huku machozi yakimkauka.

Mzee Mshana alipomaliza chai yake ya mwisho aliinuka mwenyewe, akaenda hadi ghalani. Watoto walimwona wakanyamaza.

"Tokeni nje," akasema. "Safari hii, mashine moja itabaki kwa kila mtoto atakayemaliza peke yake. Aanze huyu."

Alimwonyesha Tusekile.

Nilikuwa mlangoni, mwiko mkononi, na Mzee Mwaisumo alikuwa amekuja akasimama nyuma yangu. Mtoto aliwasha. Akashika kipanya, na kipanya kilimkimbia kama kuku mgeni, akakirudisha, kikakimbia tena. Akafungua ukurasa. Akaandika jina, kijiji, sala. Vidole vilipofika mwisho vikasimama. Pale dirishani Subilaga alikuwa anajing'ata ngumi asipige kelele. Tusekile hakumtafuta. Akafumba macho, midomo ikachezacheza, sijui alikuwa anaomba au anahesabu kuku. Akafumbua, akahifadhi. Akafunga ukurasa. Akazima polepole, kama ilivyotakiwa.

"Washa," akasema mzee.

Kioo kikawaka. Akatafuta, akakosea, akatafuta tena, akafungua. Jina lilikuwepo. Kijiji kilikuwepo. Sala ilikuwepo, na mpishi ndani yake. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Hawakufaulu wote, msidhani. Gwamaka alifanya kila kitu vizuri, akasahau kuhifadhi. Ukurasa ulipokuwa mtupu akajipiga paja: "Kicheche!" Akacheka yeye kwanza. Lusajo alifaulu, ingawa kila herufi aliitafuta mpaka mzee akasinzia. Msichana mmoja wa kundi jingine alifaulu. Subilaga alihifadhi vizuri ukurasa ambamo alisahau kuandika kitu. Mwishowe mashine tatu zilibaki na tatu zikaviringishwa kwenye mablanketi.

Tusekile akatoka nje kwa baba yake. Alikuwa anaogopa, maana tatu si sita.

"Zimebaki?" akauliza Mzee Mwaisumo.

"Tatu zimebaki, baba. Tatu zinaondoka."

Mzee akavaa kofia yake. "Nilisema zikibaki," akasema. "Sikusema ngapi." Kisha akanigeukia mimi. "Ndaga, Mama Ipyana," akanishukuru kwa lugha yetu.

Nikapakua. Wageni walikula jua limeshainama. Mzee Mshana alipomaliza alinishika mkono kuaga, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, ndizi zako zilikuwa zimeiva tangu natoka ghalani mara ya kwanza. Nilisikia harufu."

Jumapili shangazi alikuja kutoka Tunduma, akalala siku moja, akarudi peke yake na mkungu wa ndizi.

Neno langu la jikoni Gwamaka ndiye aliyelieneza. Ukimwomba akufanyie jambo unaloliweza, anakujibu kwa hilo, mpaka likatoka kijijini, likavuka milima, na sasa mnalileta kwangu kama la mababu. Na Tusekile akaanza kufundisha palepale ghalani. Sheria yake ilikuwa moja: ukishafundishwa, unazima mashine, unaanza mwanzo, peke yako, na wenzako wanaruhusiwa kukuambia lakini hawaruhusiwi kukugusia mashine. Aliolewa, akapata mtoto wake wa kwanza, tukaacha kumwita jina lake. Mtoto mwenyewe ni Lugano.

Ndiyo, huyo huyo. Mnashangaa nini? Mlidhani alizaliwa mwalimu? Leo amewakataza kufanyiana kazi, mkanung'unika kwamba ana roho mbaya. Muulizeni siku moja kwa nini hufumba macho kabla ya kuzima mashine.

Haya, chakula kimeiva, na leo kimeiva kweli. Naweni mikono, mkae mlizunguke sinia, mmwachie nafasi na Lwitiko. Nimewapakulia wote pamoja, chakula na hadithi. Kumeza sitamsaidia mtu. Sinia ni la wote, koo ni la kila mtu.